Chumba cha Ndani

1

Siwema alikuwa anagombana na redio, na Mzee Singano alikuwa upande wa redio.

"Haina kosa hiyo," alisema mzee. "Umeifunga vibaya wewe."

"Mpima, ulipokuwa ukipima mashamba ya watu, nilikuja mimi kukufundisha kuvuta kamba?"

"Hukuja."

"Basi kaa kwenye benchi, uniache na kazi yangu."

Mzee alicheka mpaka mabega yakatikisika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao sebuleni kwake, Lushoto, miwani nyeusi usoni na glovu mikononi, akishika hewani kitu ambacho mtu mwingine hakukiona. Sauti ya Siwema ilitoka kwenye spika ndogo juu ya kabati la vyombo. Mzee aliiwasha kila nyumba ilipokuwa na mgeni, kwa kuwa aliona si adabu kunong'onezana na mkewe mbele za watu.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa binti yake, Mwanahawa, aliyeingia na bakuli la makande.

"Huyo mwanao amefika?" Siwema aliuliza. "Nasikia mlango."

"Nimefika, mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Makande."

"Mfichie chumvi. Presha yake bado iko palepale."

Mzee alimgeukia binti yake kwa miwani isiyomwona. "Nani kamwambia habari za presha?"

"Wewe, Baba. Humfichi kitu. Juzi nimekusikia unamweleza bei ya dawa ya mchwa."

"Aliniuliza."

"Sikuuliza," alisema Siwema.

Siwema aliishi ndani ya mchezo wa miwani ulioitwa Kitongoji. Mtu alipanga chumba humo, akatafuta kazi, akapatana au akakosana na majirani, na akitaka, aliposa. Wakazi sita wa mchezo waliweza kuposwa, na wachezaji wengi walimkimbilia mwimbaji wa bendi au daktari kijana wa zahanati. Mzee Singano hakuwatazama. Miaka mitatu baada ya kufiwa na mkewe wa kwanza, alipeleka redio mbovu kwa fundi Siwema, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye ulimi mkali. Kesho yake aliichukua ikiwa nzima. Keshokutwa yake aliirudisha ikiwa imeharibika tena, na aliyeiharibu alikuwa yeye mwenyewe. Kisha ikawa kila Alhamisi, na mwaka ulipopita akatuma mshenga.

Siwema wa mzee hakuwa Siwema wa mtu mwingine. Wote walianza sawa, na ulimi mmoja na benchi moja la wateja, lakini kila mmoja alikumbuka ya mchezaji wake tu, na kumbukumbu hizo zilimbadilisha. Wapo Siwema waliofunga karakana na kuhamia mji mwingine. Wapo waliofanya urafiki na daktari wa zahanati. Huyu mmoja alijua kwamba kila asubuhi mzee aliunguza chai, na kila asubuhi alisubiri kuambiwa.

Mwanahawa aliyajua haya kama binti, na aliyajua pia kikazi. Alikuwa mkaguzi wa maamuzi katika Ukungu, kampuni iliyotengeneza Kitongoji. Mitambo ya kompyuta ya kampuni, inayohitaji kupozwa, ilikuwa imepandishwa milimani tangu baridi ya Usambara ilipoanza kuuzwa kama bidhaa, na ofisi zikafuata mitambo.

Aliketi, akamtazama baba yake akila makande kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa umeshika bisibisi isiyokuwepo. Alikuwa amekuja na jambo la kumwambia. Hakulisema. Alisema makande yanapoa.

2

Kazi ya mkaguzi wa maamuzi ilikuwa na kipimo kimoja. Unaucheza mchezo mara mbili kwa njia moja hadi unapofika penye uamuzi. Hapo unachagua hili mara ya kwanza, na mara ya pili lile. Kisha unaendelea, ukitazama kama tofauti inadumu. Ikiwa baada ya siku kadhaa michezo yote miwili imerudi kwenye njia moja, uamuzi ule ulikuwa pambo, na pambo hufutwa.

Kipimo hicho kilikuwa kimetumika kwa maamuzi ya wachezaji tu. Mwanahawa ndiye wa kwanza kukitumia kwa maamuzi ya wakazi. Alifanya hivyo bila sababu kubwa. Alikuwa na wiki moja isiyo na kazi nyingi.

"Kila mkazi ana mzani," alimwambia Bi Zubeda Kaniki, mkurugenzi, wakiwa wawili katika chumba cha mikutano. "Unaujua, wewe ndiye uliyeubuni. Mchezaji akisema neno, akitimiza ahadi, akichelewa, uzito unaongezwa upande mmoja au mwingine. Mkazi akitaka kujibu, anachagua katika majibu yanayoruhusiwa mahali hapo, na mzani ndio unaochagua. Anaweza kutukana, kufunga mlango, kuhama kabisa. Isipokuwa mahali pamoja."

"Siku ya posa," alisema Bi Zubeda.

"Ulijua?"

"Niliandika mwenyewe. Mshenga amekuja, wazee wamekaa, wamekubaliana. Mzee mmoja anamgeukia mwanamke, anamwuliza: umeridhika? Majibu ni mawili, kusema ndiyo au kunyamaza. Akinyamaza ni ndiyo." Alinyanyua mabega. "Hivyo ndivyo ilivyo, Mwanahawa. Wewe umezaliwa wapi? Mwali akipayuka 'ndiyo' mbele ya wazee, watu wataguna."

"Na asipotaka?"

"Wazee wanakataa. Mlevi anakataliwa, mwongo anakataliwa, asiyesalimia majirani anakataliwa. Wachezaji wananiandikia matusi kila wiki kwa sababu wamekataliwa."

"Huko ni kukataa kwa wazee. Nauliza kukataa kwake."

Mwanahawa aligusa meza, na mchoro ukapanda juu yake: nukta nyingi sana, kila moja ni mkazi mmoja katika dakika ile alipoulizwa akanyamaza. Nukta zilizokuwa kulia, mzani ulielemea kwenye kukubali. Zilizokuwa kushoto, ulielemea kwenye kukataa. Kushoto palikuwa na theluthi nzima.

Bi Zubeda alizitazama kwa muda. Hakuwa mtu wa kubishana na nukta.

"Hawa walitaka kukataa?"

"Sisemi walitaka. Sijui kama kitu hiki kinaweza kutaka. Nasema mzani wao ulilitafuta neno 'hapana', na neno halikuwepo kwenye orodha. Wakanyamaza, nasi tukaandika ndiyo."

"Mimi pia nilinyamaza, mdogo wangu. Mbele ya babu zangu wote, nimeinamisha kichwa, nimetazama mkeka. Na hakuna aliyenilazimisha. Mpaka leo niko naye."

"Nani alikuuliza kabla ya siku hiyo?"

"Hakuna aliyeni..." Bi Zubeda alisita. Mkono wake ulisimama juu ya meza. "Shangazi yangu. Aliniita chumbani, akafunga mlango. Akasema, kuna watu wawili wameleta maneno, niambie kweli, nje nitakwenda kusema mimi. Nikamwambia wa kwanza simtaki, anacheka kabla hajasikia kilichosemwa. Wa pili, sawa."

"Yule wa kwanza alipewa jibu gani?"

"Kwamba binti bado anasoma." Alianza kutabasamu. "Nilikuwa nimeshamaliza chuo."

"Basi ndiyo maana uliweza kunyamaza sebuleni. Ulikuwa umeshasema chumbani. Humu umejenga sebule, Bi Zubeda, na mkeka, na wazee, na kahawa. Chumba cha ndani hukukijenga."

Bi Zubeda aliondoka mezani, akaenda dirishani. Nje, vifuniko vya mitambo vilikuwa wazi vikivuta ukungu wa asubuhi.

"Kukijenga si kazi," alisema. "Wiki mbili. Kila mchezaji mpya atakikuta. Lakini waliokwisha kuoa? Laki mbili, Mwanahawa. Wengine ni wagonjwa, wengine wamefiwa. Niwaambie mke uliyekaa naye miaka mitatu anaulizwa upya?"

"Ndiyo."

"Tuwape kitufe. Anayetaka mwenzake aulizwe, abonyeze. Asiyetaka, aendelee na maisha yake."

"Yaani mposaji ndiye aamue kama mwali aulizwe."

Bi Zubeda hakujibu.

"Kunyamaza huko ni ndiyo?" Mwanahawa aliuliza.

Mkurugenzi alicheka, akakasirika kwa kucheka. "Una ulimi kama wa Siwema. Sikiliza. Nipe mtu mmoja. Aliyeoa humo, anayempenda mwenzake, aelezwe ukweli wote, kisha akubali aulizwe. Mmoja tu. Ukimpata, nitafungua chumba kwa wote, bila kitufe. Usipompata, utakuwa umenionyesha kwamba hakuna anayetaka ukweli huo, na mimi sitawalazimisha watu laki mbili kwa sababu ya nukta."

"Siruhusiwi kumwambia mchezaji."

"Unaruhusiwa kumwambia mmoja. Unamjua."

Mwanahawa alimjua.

3

Mzee Singano alikuwa juu ya ngazi akipunguza matawi ya mpeasi. Binti yake aliishika ngazi na kumweleza kila kitu kutoka chini: orodha ya majibu, mzani, nukta za kushoto, na chumba cha ndani ambamo Siwema angeulizwa upya. Alieleza kama anavyoeleza ofisini, kwa mpangilio, bila kutafuta maneno laini. Kwa baba yake maneno laini yalikuwa dalili kwamba kuna kitu kimefichwa.

Mkasi uliendelea kukata mpaka alipofika kwenye kunyamaza. Hapo ukasimama.

"Siku ile," alisema mzee kutoka juu, "alikuwa ameshika chuma cha kulehemu. Waliposema umeridhika, akakitazama kile chuma. Hakukiweka chini. Nikadhani anaona haya." Alishuka kidato kimoja. "Mwanamke wa miaka hamsini, fundi, anayewafukuza madalali kwa bisibisi. Haya itoke wapi? Nilitakiwa kuliona hilo."

"Huenda alikuwa upande wa kulia, Baba. Wengi wako kulia."

"Umeangalia?"

"Sijaangalia."

"Kwa nini?"

"Siwema wako ni wako. Ningeangalia wa mtu mwingine, si wako."

Mzee alishuka mpaka chini, akaketi kwenye kidato cha mwisho, akaanza kufuta mkasi kwa majani. Mwanahawa aliketi kwenye nyasi. Alikuwa amejitayarisha kwa hasira ya baba yake, si kwa utulivu huo.

"Si lazima," alisema. "Ukisema hapana, Bi Zubeda ataacha mambo yalivyo. Kesho asubuhi utamkuta palepale. Hatabadilika hata kidogo."

"Mimi nitakuwa nimebadilika. Umeshaniambia."

"Nisamehe, Baba."

"Mtu haombi msamaha kwa kuleta kipimo." Alikunja mkasi. "Niliwahi kukuta jiwe la mpaka huko Mlola, limepandwa na mtu aliyepima kwa miguu yake kutoka barabarani. Lilikuwa karibu sawa. Majirani wote wameridhika, wamepanda miti kulifuata. Nikaling'oa."

"Wakakushukuru?"

"Walinifungulia mbwa."

Walicheka wote wawili. Kisha mzee akaacha kucheka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua.

"Akikataa, asubuhi sitakuwa na wa kumwambia chai imeungua."

"Utaniambia mimi."

"Wewe utaniambia ninunue birika la umeme. Yeye hutaka kujua imeungua kiasi gani."

Mwanahawa hakuwa anaamini kwamba Siwema ana roho. Aliamini kitu kidogo kuliko hicho, na kwa sababu kilikuwa kidogo alikishikilia sana: swali likiulizwa, lazima liwe na majibu mawili, la sivyo aliyeuliza amejidanganya. Alimtazama mtu aliyejidanganya bila kujua. Kiwiko cha sweta yake kilikuwa kimetoboka, na yeye Mwanahawa alikuwa ameona tundu hilo tangu Ramadhani na hakulishona.

"Aulizwe," alisema mzee.

"Fikiri kwanza, Baba."

"Nimefikiri nikiwa kwenye ngazi. Lakini nina masharti. Usiufungue ule mzani wa siku ile; kwangu umeshapitwa, ardhi husogea. Aulizwe leo, ajibu leo. Na anayeingia humo chumbani uwe wewe."

"Mimi ni mwanao. Mwulizaji anatakiwa kuwa upande wake."

"Ndiyo maana nakutaka. Sitaki mtu aliyeandikwa na kampuni. Ukifunga ule mlango, wewe si wangu. Ni wa kwake. Ukitoka umembeba yeye, si mimi. Utaweza?"

Mwanahawa alifikiri. Hakupenda kuahidi kitu asichokipima.

"Nitajaribu," alisema.

"Hiyo ni 'ndiyo' ya mtu mkweli," alisema mzee, akarudi juu ya ngazi.

4

Walimpa Bi Zubeda wiki mbili, na alizitumia zote. Chumba cha ndani kilipokuwa tayari, kilikuwa na sheria chache. Mlango ukifungwa, mchezaji hasikii, wala wazee walioko sebuleni. Mkazi anaruhusiwa kutumia kila neno analolijua. Jibu haliandikwi popote mpaka mwulizaji atoke nalo kwa mdomo wake, na akilipindua, mkazi atajua, kwa kuwa atalisikia akiwa nyuma ya mlango.

Mwanahawa alivaa miwani ofisini kwake. Alipita sebuleni kwa Siwema; baba yake alikuwa amekaa kwenye mkeka baina ya wazee wawili wa mchezo, amevaa kanzu na koti, mgongo umenyooka. Hakumwangalia. Alikuwa anatazama kikombe cha kahawa, na Mwanahawa akatambua kwamba safari hii baba ndiye aliyeinamisha kichwa.

Chumbani, kitanda kilijaa matumbo ya redio. Siwema alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Funga mlango, baridi inaingia," alisema. "Wamekutuma kunipamba? Nimeambiwa leo ninaulizwa. Nimeolewa, halafu ninaulizwa. Mambo ya kupika wali ukishaliwa."

"Sikutumwa kukupamba, mama mdogo. Nimekuja kusikiliza."

"Kwa niaba ya nani?"

"Yako. Mlango ukifungwa mimi ni wa kwako. Yeye mwenyewe amesema."

"Mpima kasema hivyo?"

"Alikuwa juu ya ngazi."

"Miaka sabini na mbili, presha, na ngazi!" Siwema alisonya. "Kama wewe ni wa kwangu, kaa hapa ushike waya huu. Usiuachie."

Mwanahawa aliushika. Waya ulikuwa mwembamba, na glovu zilibana vidole kana kwamba upo. Siwema aliinama, akagusisha ncha ya chuma, moshi mdogo ukapanda.

"Unaogopa kumwumiza?" Mwanahawa aliuliza.

"Usiniwekee maneno. Uliza ulichokuja kuuliza."

Alikuwa sahihi. Mwanahawa aliliacha swali lake na kuchukua lile lililotakiwa.

"Watu wamekuja. Wanakutaka uwe mke wa Mzee Singano. Niambie kweli, nje nitakwenda kusema mimi. Unataka?"

Siwema alipuliza kwenye kiungo mpaka risasi ya kulehemu ikaganda. Katika miaka yake ya kazi Mwanahawa alikuwa ameona mizani mingi ikiyumba, namba zikipanda na kushuka kwenye kioo. Hapa hapakuwa na namba. Palikuwa na mwanamke anayepuliza risasi, naye alingoja kama watu wanavyongoja.

"Nitakwambia habari ya redio yake," alisema Siwema. "Ya kwanza, ile ya kahawia. Ilikuja mbovu kweli. Nikaitengeneza. Ikarudi, nikaifungua, nikakuta mtu ameng'oa waya kwa koleo. Vidole visivyojua kazi. Nikasema, huyu mzee ananidanganya. Nikamtengenezea, sikumwambia. Ikarudi tena. Unajua nilikuwa nafanya nini siku za Alhamisi? Nilikuwa naitazama njia. Nikiona anakuja na ile redio kwapani, anatembea kama anabeba mtoto, nilikuwa nacheka peke yangu kabla hajafika, halafu nakunja uso."

"Ulimpenda."

"Nilisema usiniwekee maneno."

"Samahani."

"Nilimpenda akija," alisema Siwema. "Sasa haji. Yuko. Asubuhi yuko, mchana yuko. Nikiinua kichwa yuko, na redio haiharibiki tena, kwa nini aiharibu? Simchukii. Chai yake iliyoungua naitaka. Lakini mtu aliyekwisha kufika hana pa kutokea. Siku ile ya wazee nilitaka kusema hivi, nikatafuta maneno, nikaona mdomo hauna kitu. Nikakitazama chuma."

Mwanahawa aliukaza waya mkononi mwake.

"Jibu lako ni lipi? Nitahitaji neno moja."

"Hapana," alisema Siwema. Alilitamka kwa uangalifu, kama anayejaribu kitasa kipya. "Hapana. Sitaki ndoa. Mwambie aondoe vitu vyake, na afunge mlango vizuri, unakwama. Utaweza kumwambia? Ni baba yako."

"Leo mimi ni wa kwako."

"Na usimpe ile ya kila mtu, binti bado anasoma."

Mwanahawa alicheka, na miwani ikaingia ukungu. "Sasa nikuite nani?"

"Niite fundi. Achia waya, umeshashika."

5

Alitoka na jibu zima. Alisema hapana kwanza, kwa sauti ya kusikika upande wa pili wa mlango, halafu akasema yaliyobaki: Alhamisi, redio kwapani, mtu aliyekwisha kufika. Hakuongeza neno wala kupunguza. Wazee wa mchezo walisema la heri, wakainuka, wakaondoka, kama walivyoandikwa. Mzee Singano aliinuka baada yao. Alifunga mlango vizuri.

Mwanahawa alivua miwani, akateremka kwa miguu mpaka nyumbani kwa baba yake. Alimkuta kwenye kile kiti cha mbao, miwani magotini, glovu zimekunjwa juu yake. Uso ulikuwa umelowa na hakuufuta.

Alivuta kigoda, akaketi karibu. Akamshika mkono.

"Mle ndani," mzee aliuliza, "orodha ya maneno ilikuwa fupi siku ya posa tu?"

"Siku hiyo tu."

"Siku nyingine zote aliweza kusema lolote. Kunifukuza. Kuhama."

"Lolote."

"Kwa hiyo alipokuwa ananikunjia uso Alhamisi, alikuwa ananikunjia yeye."

"Yeye mwenyewe, Baba. Hakuna aliyemwandikia."

Mzee alilitafakari hilo kwa makini, kama mtu anayerudia hesabu kutoka mwisho kwenda mwanzo.

"Ndoa ile ilipandwa kwa kukisia," alisema. "Lakini zile Alhamisi zimepimwa." Akaufuta uso kwa kiwiko cha sweta, kile kilichotoboka. "Leo ni siku gani?"

"Alhamisi. Bi Zubeda alichagua bila kujua."

Mzee alivaa glovu. Kisha akashusha miwani usoni, na mikono yake ikaanza kutafuta kitu chini, katika chumba kile cha zamani cha kupanga ambamo mchezo ulikuwa umemrudishia nguo zake na masanduku. Alikipata. Alikigeuza, akakifungua mgongo, na vidole visivyojua kazi vikashika waya na kung'oa.

Mwanahawa aliona kila kitu. Alitoa simu, akamwandikia mkurugenzi: *Nimempata mmoja. Amekubali aulizwe. Amekataliwa.*

Jibu lilikuja mara moja. *Ameuacha mchezo?*

Mwanahawa alimtazama baba yake akitembea huku amekaa pale kwenye kiti, magoti yakipanda na kushuka kidogo, mkono mmoja umebana kitu kwapani. Spika juu ya kabati ilikuwa bado imewashwa. Mlango wa karakana ulisikika ukifunguliwa, kisha sauti za wateja, kisha sauti ya Siwema, kavu kama siku ya kwanza:

"Wewe ndiye wa mwisho. Kaa kwenye benchi."

*Hajauacha,* Mwanahawa aliandika.

*Basi nafungua,* aliandika Bi Zubeda. *Kwa wote.*

Mwanahawa aliweka simu chini, akaenda jikoni, akapasha moto makande aliyoyakuta. Alichukua pia sindano na uzi kutoka kwenye droo ya marehemu mama yake. Aliporudi, mzee alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye katikati ya watu asiowajua.

"Baba, chakula tayari."

"Kifunike, mama," alisema bila kugeuka. "Usinisubiri. Nina watu watatu mbele yangu."